Maswali yenu kuhusu Frumentius wa Aksum: mlei kwanza, askofu baadaye

Tangu safu hii iguse kwa kifupi habari za Mtakatifu Frumentius, mtume wa karne ya 4 wa Aksum, ufalme wa kale uliokuwa Ethiopia na Eritrea ya leo, maswali yamemiminika. Nimechagua machache. Yale yanayorudiwa kila mara nimeyajibu mara moja tu, na ninawaomba mnaoyatuma msome majibu haya kabla ya kutuma tena.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista wa kigango huku Sumbawanga. Nataka kuwasimulia vijana wa kipaimara habari za Frumentius, lakini kila ninaposoma nakuta tofauti. Nishike ipi?

Milele, amina, mwalimu. Shika ya Rufinus wa Aquileia, padre aliyeandika historia ya Kanisa kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 5. Yeye anasema waziwazi kwamba habari hii hakuiokota mitaani, bali aliipata kwa Aedesius mwenyewe, ndugu na mwenzake Frumentius, ambaye wakati huo alikuwa padre mjini Tiro. Kwa habari za mtakatifu wa zamani hizo, kupata shahidi wa karibu namna hiyo ni bahati kubwa.

Mwanafalsafa mmoja wa Tiro, Meropius, alisafiri kwenda kuona nchi za mbali, akawachukua vijana wawili wa ukoo wake aliokuwa akiwafundisha. Frumentius alikuwa mkubwa, Aedesius mdogo. Wakati wa kurudi, chombo kilitia nanga bandarini kutafuta maji na chakula. Kumbe wenyeji walikuwa wamesikia kwamba mapatano yao na Warumi yamevunjika. Wakakivamia chombo, wakamuua Meropius na wote waliokuwamo. Wale vijana wawili walikutwa wamekaa chini ya mti, wakidurusu masomo yao. Wakahurumiwa, wakapelekwa kwa mfalme. Aedesius akawa mnyweshaji wake. Frumentius, aliyeonekana kuwa na akili na busara, akakabidhiwa hazina na barua za mfalme.

Mfalme akafa, akaacha mjane na mtoto mdogo. Kabla ya kufa alikuwa amewapa vijana wale uhuru wa kwenda watakako. Mama mfalme akawasihi wabaki, wamsaidie kuendesha nchi mpaka mwanawe akue. Wakabaki. Ni katika miaka hiyo Frumentius alipoanza kuulizia kama kati ya wafanyabiashara waliofika kutoka dola la Roma kuna Wakristo. Alipowapata aliwapa ruhusa na msaada, akawahimiza wawe na mahali pa kukutania kusali. Akawapatia viwanja vya kujengea na mahitaji mengine.

Hapo ndipo nakuomba, mwalimu, uwasimamishe vijana wako. Wakati huo Frumentius hakuwa padre wala shemasi. Alikuwa mlei, na alikuwa ameingia nchi ile kama mateka. Alianzisha sehemu za sala, akakusanya watu, akalilea kundi kwa miaka, bila daraja takatifu hata moja. Mtoto wa mfalme alipokuwa mtu mzima, Aedesius alirudi Tiro kuwaona wazazi wake. Frumentius yeye alishika njia ya Aleksandria, akamweleza Athanasius, askofu wa huko, yote yaliyotendeka, akamwomba atafute mtu anayefaa apelekwe kuwa askofu wa Wakristo wale. Hakujiombea cheo. Athanasius akakaa na mapadre wake, akasema watampata wapi mwingine mwenye Roho wa Mungu ndani yake kama huyu. Akamweka Frumentius mwenyewe kuwa askofu, akamrudisha. Fungua Mwanzo 41:38 uone Farao alivyosema juu ya Yusufu, naye alikuwa mgeni aliyeuzwa utumwani akaishia kushika mali ya nchi. Athanasius alijua anachokinukuu.

Kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikiandika kwamba makatekista wetu wanatumika kama watu wa akiba. Wanafundisha, wanazika, wanaongoza ibada ya Jumapili padre asipofika, kisha posho yao haitoshi hata nauli ya kwenda semina. Siku ya jubilei ya parokia majina yanayosomwa ni ya mapadre na wafadhili. Kanisa la Aksum lilisimama juu ya kazi ya mtu aliyefanya kazi yenu. Waambie vijana hivyo, na umwambie paroko pia.

Kama Ukristo haukuletwa Afrika na Wazungu, uliletwa na nani? (Swali hili limetoka Mwanza, Nakuru, Bujumbura, na kwa wengine waliojiita "mpenda ukweli".)

Nimelijibu mara nyingi. Tiro ipo Lebanoni ya leo. Aleksandria ipo Misri. Wafia imani wa Scilli, huko Afrika ya Kaskazini, waliuawa mwaka 180. Cyprian alikuwa askofu wa Karthago karne ya 3, na Augustino alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354. Anayesema Ukristo uliingia barani humu pamoja na bunduki za wakoloni hajasoma.

Lakini ninao ujumbe pia kwa upande wa pili, wale wanaochukua habari za Aksum wakazifanya ngao. Aksum haikutuletea sisi Ukristo. Ilikuwa jirani wa kibiashara tu: kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1 kinataja Adulis, bandari ya Waaksum, na kinaendelea kusini hadi Rhapta, soko la pwani yetu. Injili ilikuja pwani hii na Wareno, ikasinyaa, ikaja tena karne ya 19: mmisionari Krapf akafika Mombasa 1844, Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni Bagamoyo 1868. Katika historia hiyo kuna watu watakatifu na kuna watu waliotembea bega kwa bega na serikali za kikoloni. Hayo tuyatazame kama yalivyo. Frumentius hawezi kutumika kuyafunika.

Nimesoma kwamba Frumentius alikuwa mmisionari wa India. Je, ni yeye au Tomaso?

Tomaso ni mwingine. Warumi waliita "India" sehemu kubwa ya nchi zilizo ng'ambo ya Bahari ya Shamu, na Rufinus anaandika hivyo hivyo. Hataji hata jina la Aksum. Tunaijua Aksum kwa ushahidi mwingine nitakaoueleza hapa chini.

Mwalimu wetu wa jumuiya anasema Ethiopia ilipokea imani kupitia yule towashi wa Matendo 8, hivyo Frumentius hakuwa na jipya. Wewe unasemaje?

Mwalimu wenu amechanganya nchi mbili. Yule towashi alikuwa mtunza hazina wa Kandake, na Kandake alikuwa malkia wa Kushi, ufalme ambao mji wake mkuu ulikuwa Meroe, kando ya Nili, Sudan ya leo. Wagiriki waliita watu wote wa kusini ya Misri "Waethiopia", na jina hilo likaja kuhamia nchi ya milimani. Kanisa la Ethiopia lenyewe limempokea towashi katika mapokeo yake, nami siwezi kuwavunjia heshima. Lakini kwa historia inayoweza kufuatiliwa, hatuna jumuiya ya Kikristo Aksum iliyotokana naye. Huko Nubia, alikotoka, wafalme walibatizwa karne ya 6, muda mrefu baada ya Aksum.

Naomba muangalie kitu kimoja, kwa kuwa wote wawili mmekipita: towashi alikuwa mtunza hazina, na Frumentius alikuwa mtunza hazina. Kama kuna mhasibu anayesoma hapa na anadhani utume ni wa wengine, asome upya sura hiyo.

Je, ni hakika kwamba mfalme Ezana wa Aksum aliongoka? Rafiki yangu wa chuo anasema ni hadithi za makasisi.

Hili ni swali zuri, na jibu lake linashikika mkononi. Rafiki yako anaweza kuwa na haki ya kushuku vitabu vya makasisi. Basi aviache, aende kwenye sarafu.

Aksum ilikuwa miongoni mwa falme chache za zama zile zilizopiga sarafu zao zenyewe, za dhahabu, fedha na shaba. Sarafu za mwanzo, zikiwemo za Ezana mwenyewe, zina alama ya mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa cha mfalme. Kisha katika utawala wake huo huo alama hiyo inaondoka na msalaba unakaa mahali pake. Wafalme hawabadilishi pesa yao kwa mchezo: sarafu ya dhahabu ilisafiri, ikashikwa na mfanyabiashara wa Misri na wa Arabuni. Zipo pia za shaba za karne hiyo zenye msalaba na maneno ya Kigiriki yanayosema "na hili liipendeze nchi". Shaba ndiyo iliyofika mikononi mwa watu wa soko.

Halafu mawe. Ezana aliandikisha ushindi wake kwenye mawe ambayo mengine bado yapo Aksum. Katika yale ya mwanzo anajiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita, ambaye kwa Kigiriki anaandikwa Ares. Katika mengine ya baadaye anamshukuru Bwana wa Mbingu, na katika jiwe moja la Kigiriki anataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wapo wataalamu wanaosema lugha ya "Bwana wa Mbingu" ilichaguliwa ili isiwashtue raia ambao bado walikuwa na miungu yao. Naona inawezekana. Mfalme huongoka siku moja, nchi huchukua vizazi. Hata mawe yenyewe yanatuambia kwamba baada ya kuongoka Ezana aliendelea kupigana vita na kuteka watu. Siwapambi wafalme, na ninawaonya wanaofundisha dini mashuleni wasiwapambe.

Ama kama Ezana ndiye yule mtoto aliyelelewa chini ya Frumentius, Rufinus hatuambii jina. Linalotuunganishia Frumentius, Ezana na Aksum ni barua, na swali linalofuata linaihusu.

Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp ameandika kwamba Frumentius aliitwa Roma kujibu mashtaka ya uzushi. Kweli?

Hakuitwa Roma, na mashtaka hayo yanamjengea heshima.

Karibu mwaka 356, Kaisari Constantius, mwana wa Konstantino, alikuwa amemfukuza Athanasius Aleksandria kwa sababu Athanasius alikataa kulegeza imani ya Nikea, kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba. Askofu mwingine, George, akawekwa mahali pake kwa nguvu za askari. Kisha Kaisari akaandika kwa Aizanas na Sazanas, watawala wa Aksum, akiwaita ndugu zake waheshimiwa, akiwataka wampeleke Frumentius Misri haraka akahojiwe na George, kwa kuwa aliwekewa mikono na Athanasius na huenda akaiharibu nchi yao kwa mafundisho. Barua hiyo tunayo kwa sababu Athanasius mwenyewe aliinakili katika utetezi wake kwa Kaisari. Aizanas ni Ezana kwa maandishi ya Kigiriki, na Ezana alikuwa na ndugu aitwaye Saizana, ambaye anatajwa kwenye mawe yake. Unaona jinsi mambo yanavyokutana: adui wa Frumentius ndiye aliyetuachia ushahidi ulio imara kuliko wote.

Hakuna dalili kwamba alipelekwa. Kanisa la Aksum lilibaki na Aleksandria ya Athanasius.

Mnaonijua mnajua nitasema nini hapa. Constantius alizibatiza sera zake kwa jina la Kristo. Alitaka kila mimbari iseme anachotaka. Sisi leo tunamkabidhi mwanasiasa kipaza sauti kabla ya baraka ya mwisho kwa sababu amechangia mabati. Anayenunua mabati leo atataka mahubiri kesho. Mapadre na wachungaji, kataeni.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, mpenzi wa safu hii. Je, Najashi aliyewapokea masahaba alikuwa wa ukoo wa Ezana?

Karibu sana, ndugu yangu. Ufalme ni ule ule wa Aksum, lakini kati yao kuna karibu karne tatu, na siwezi kukuunganishia ukoo. Hijra ya kwanza, Waislamu wa mwanzo walipohamia Habasha, yaani Uhabeshi, kwa mfalme aliyeitwa Najashi, inawekwa mwaka 615. Mapokeo yenu yanasimulia jinsi Jafar bin Abi Talib alivyosimama mbele ya Najashi akasoma aya za Sura ya Maryam, mfalme na maaskofu wake wakalia. Kanisa lililokuwapo barazani siku ile ni lile alilolianza Frumentius. Ningependa Wakristo wa pwani waijue habari hii vizuri kama mnavyoijua ninyi. Wengi wanaipata kwa mara ya kwanza kwenye mabishano ya barabarani, mahali pabaya kuliko pote pa kuisikia.

Je, Frumentius ndiye aliyeleta Sanduku la Agano?

Hapana, habari hiyo ni ya Menelik, mwana wa Malkia wa Sheba, katika Kebra Nagast, kitabu cha karne ya 14, na haina uhusiano wowote na Frumentius.

Kuna mhubiri anauza mafuta ya "Mtakatifu Frumentius wa Hazina" ya kufungua biashara. Je, yanaruhusiwa?

Huo ni wizi. Frumentius alishika hazina ya mtu mwingine kwa uaminifu, na alipokuwa huru kuondoka na chochote, aliondoka kwenda kutafuta askofu. Mwenye biashara aliyekwama atafute hesabu zake zilipoharibika, aombe ushauri, na asali bila kulipia chupa. Kama umeshanunua, mama, usinunue ya pili, na uwaonye majirani.

Tusimulie visa vya miujiza. Wengine tunapenda visa kuliko tarehe. Ni kweli aliua joka lililotawala Ethiopia?

Joka ni Arwe, na katika visa vya Wahabeshi aliuawa na Angabo, anayesemwa kuwa baba wa Malkia wa Sheba. Si Frumentius.

Cha ajabu ni kwamba Frumentius mwenyewe hana visa vingi. Rufinus anasema tu alipewa neema ya kitume na watu wasiohesabika wakaamini. Waethiopia wanamwita Abba Salama, Baba wa Amani, na Kesate Berhan, Mfunua Nuru, na wanasimulia kwamba wafalme wa wakati wake walikuwa ndugu wawili, Abreha na Atsbeha. Visa vyenye rangi ni vya waliomfuata. Abuna Aregawi, mmoja wa watawa wanaoitwa Watakatifu Tisa, waliofika mwishoni mwa karne ya 5 na baada yake, alitaka kupanda mlima wa Debre Damo wenye kuta wima, Mungu akatuma nyoka mkubwa akamwinua mpaka juu. Hadi leo wanaokwenda kwenye monasteri ile hupandishwa kwa kamba.

Ninachokipenda kuliko vyote ni cha Yared, shemasi wa karne ya 6 anayehesabiwa baba wa nyimbo za Kanisa la Ethiopia. Alikuwa mtoto mzito wa kushika masomo. Akachapwa, akatoroka, akaketi chini ya mti. Akamwona kiwavi anapanda shina, anaanguka, anapanda, anaanguka, mpaka mara ya saba akafika kwenye majani. Yared akarudi kwa mwalimu wake. Baadaye, alipokuwa akiimba mbele ya mfalme Gebre Meskel, wote wawili walizama katika wimbo hata mkuki wa mfalme ukamchoma Yared mguuni na damu ikatiririka, na hakuna aliyegundua mpaka wimbo ulipokwisha.

Simulieni visa hivi watoto, kwa moyo wote. Ila msiseme "historia inasema". Semeni "Waethiopia wanasimulia". Mtoto aliyeambiwa kwamba nyoka wa Debre Damo na sarafu ya Ezana ni vitu vya aina moja, siku atakapoacha kumwamini nyoka ataitupa na sarafu.

Yeye ndiye aliyetafsiri Biblia ya Kiethiopia?

Mapokeo mengine yanampa yeye, mengine yanawapa Watakatifu Tisa. Tafsiri ya Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, ilifanywa kutoka Kigiriki kati ya karne ya 4 na ya 6, na haikuwa kazi ya mtu mmoja. Injili za Abba Garima, zilizoandikwa juu ya ngozi na kutunzwa monasterini karibu na Adwa, zimepimwa na kuonekana ni za kati ya miaka ya 330 na 650 hivi. Ni miongoni mwa Injili za kale kuliko zote zenye picha zilizobaki duniani, na zimebaki kwa sababu watawa hawakuziachia, vita baada ya vita. Kule kwetu daftari za ubatizo za miaka ya 1950 zinaliwa na mchwa ofisini. Sekretari wa parokia anayesoma hapa, anza wiki hii.

Kwa nini Ethiopia ilikaa bila patriaki wake muda mrefu hivyo?

Kwa sababu desturi iliyoanza na Athanasius na Frumentius iligeuka sheria. Kwa karibu miaka 1,600 askofu mkuu aliletwa kutoka Misri, mara nyingi mmoja tu kwa nchi nzima, na akifa watu walingoja mwingine miaka, wakati mwingine mingi. Mwaka 1959 ndipo Basilios alipofanywa patriaki wa kwanza. Frumentius alikwenda Aleksandria kwa sababu alihitaji askofu, akarudi mtu anayeijua nchi na lugha yake. Waliomfuata kwa karne nyingi walikuja bila kuijua hata moja. Naliona hilo kuwa kosa kubwa la Aleksandria, na nisingependa mtu alifunike kwa kusema ulikuwa umoja.

Mke wangu atajifungua Oktoba. Naweza kumpa mtoto jina Frumentius? Na sikukuu yake ni lini?

Unaweza, na hutakuwa wa kwanza: Tanzania, Burundi, Rwanda na Kongo wapo akina Frumence wengi, na wengine wanaandikwa Frument. Kalenda ya Kilatini ya zamani ilimweka 27 Oktoba, na bila shaka ndiyo iliyowapa wazee wengi jina hilo. Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki humkumbuka 30 Novemba, Waethiopia katika mwezi wao wa Hamle. Akiwa msichana, ulizeni jina la bibi yake kwanza.